Petroli, thina, tapentaini au asetoni: uchague kipi karakanani

Nianze na hukumu, maana wengi watakaosoma hapa wana kazi mkononi: petroli iondoke karakanani. Ibaki ndani ya tangi la gari. Hakuna kazi ya kuosha vyuma, kufuta madoa wala kuchanganya rangi ambayo petroli huifanya na kimiminika kingine kikashindwa kuifanya kwa hatari ndogo zaidi. Ugumu wa kuchagua unaanza baada ya hapo, kwa sababu thina, tapentaini, asetoni na mafuta ya taa kila kimoja kina kazi kinayoifaa na namna yake ya kuumiza.

Nawaandikia maseremala wa Keko na Gikomba, mafundi rangi wa majumbani, vijana wa gereji za mtaani, na matajiri wao wanaonunua vifaa. Mambo ya kupima ni mawili: kimiminika kinashika moto kirahisi kiasi gani, na mvuke wake unaufanya nini mwili. Mambo haya hayaendi sambamba. Kipo kinachowaka upesi lakini mwili unakivumilia, na kipo kisichowaka kirahisi lakini kinaua. Harufu haisaidii kupima, kwa sababu pua huzoea. Fundi aliyepulizia rangi tangu asubuhi hasikii tena harufu saa sita mchana, ilhali mvuke umeongezeka.

| Kimiminika | Joto ambalo mvuke wake huanza kushika cheche | Mvuke hewani unaotosha kuwaka | Madhara makuu mwilini |
|---|---|---|---|
| Petroli | karibu -40°C | kuanzia 1.4% | benzini (kiambato kimojawapo cha petroli): saratani ya damu. Mapafu ikimezwa |
| Asetoni | -20°C | kuanzia 2.5% | macho, kizunguzungu, ngozi kukauka |
| Thina (nikitumia toluini, kimoja cha viambato vyake, kama kipimo) | 4°C | kuanzia 1.1% | ubongo, masikio, mimba |
| Methanoli, mara nyingi imo ndani ya thina | 11°C | kuanzia 6% | upofu na kifo ikinywewa |
| Tapentaini na mafuta ya taa | 38°C na kuendelea kwa aina nyingi | chini ya 1% | ubongo kwa miaka mingi. Mapafu ikimezwa |

Tapentaini ninayoisema ni ile ya madukani inayotokana na mafuta ya petroli, si ile ya utomvu wa msonobari.

Safu ya pili ndiyo ya kutazama kwanza. Kimiminika chenyewe hakiwaki, kinachowaka ni mvuke wake. Petroli, asetoni na thina hutoa mvuke wa kutosha kuwaka hata kwenye baridi ya Njombe au Limuru, sembuse joto la Dar es Salaam au Mombasa. Tapentaini na mafuta ya taa vinahitaji kupata joto kidogo kwanza, na hapo ndipo unapopata nafasi ya kupumua. Ila nafasi hiyo si kubwa. Dumu lililoachwa juani au chini ya bati mchana wa Februari linaweza kuipita 38°C bila mtu kuligusa. Pia tapentaini ikipulizwa kwa kompresa ikawa ukungu, au ikiloweshwa kwenye tambara, inawaka hata chini ya joto hilo. Kwa hiyo usiseme "hii haiwaki". Sema "hii inawaka kwa shida zaidi".

Petroli dhidi ya mafuta ya taa, kwa kuosha vyuma

Gereji nyingi huosha kabureta, bearingi na gia kwenye beseni la petroli. Sababu zao nazijua: ipo, inakata grisi upesi, inakauka yenyewe. Lakini mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa mara tatu hadi nne. Haupandi juu ukatoka dirishani. Unatambaa sakafuni, unaingia kwenye shimo la kukagulia magari, unapita chini ya mlango, mpaka ukutane na jiko la mkaa la mama lishe au cheche za fundi wa kuchomelea aliye mita kadhaa mbali. Moto ukishika kule unarudi na njia ileile hadi kwenye beseni. Afrika Mashariki tumejifunza nguvu ya mvuke huu kwa vilio. Sachangwan nchini Kenya, Januari 2009, na Msamvu mjini Morogoro, Agosti 2019, watu waliokwenda kuchota petroli kwenye lori lililopinduka waliungua, na kila mahali walikufa zaidi ya watu 100.

Jambo la pili ni benzini. Madini ya risasi yaliondolewa kwenye petroli ya nchi za kusini mwa Sahara kufikia mwanzo wa 2006, na wengi wakadhani sumu imekwisha. Benzini bado imo. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, limeiweka kwenye kundi la kwanza, yaani lile la vitu vilivyothibitika kuwapa binadamu saratani. Benzini hushambulia uboho wa mifupa, mahali damu inapotengenezwa. Fundi anayenawa mikono kwa petroli jioni ili aondoe grisi anaipokea kwa ngozi na kwa pua kwa pamoja.

Mafuta ya taa au dizeli vinaosha grisi vizuri tu. Vinachelewa kidogo na vinaacha utando wa mafuta. Kwa gia na bearingi utando huo hauna shida, kwa kuwa utatia grisi mpya hata hivyo. Kwa kitu kitakachopakwa rangi, osha tena kwa maji ya moto na sabuni ya unga, kausha, halafu futa kwa tambara lenye tapentaini kidogo. Mikono inatosha mafuta ya kula kidogo, sukari au vumbi laini la mbao la kusugulia, kisha sabuni.

Breki ni habari nyingine. Raba nyingi za breki huvimba zikiguswa na petroli, dizeli au mafuta ya taa, na raba iliyovimba inaweza kumgharimu mtu maisha barabarani. Raba hizo zioshwe kwa mafuta ya breki mapya. Kama unatumia kopo la kupuliza la kusafishia breki, soma kwanza kilichoandikwa. Yapo yenye vimiminika vya klorini, ambavyo haviwaki kirahisi, na mafundi huvipenda kwa sababu hiyohiyo. Chuma kilichooshwa kwa vimiminika hivyo kisichomelewe kabla hakijakauka kabisa, na kopo lisitumike karibu na anayechomelea. Joto la kuchomelea hugeuza mvuke wake kuwa fosijini, gesi iliyotumika kuulia watu katika Vita Kuu ya Kwanza. Mapafu huanza kujaa maji saa kadhaa baadaye, mtu akiwa amesharudi nyumbani.

Thina dhidi ya tapentaini, kwa kuchanganya rangi na vanishi

Hapa huna uhuru kamili, kwa sababu rangi ndiyo inayoamua. Rangi ya mafuta ya milango na mageti inapokea tapentaini. Vanishi ya kukauka haraka, ile ya kupuliza kwa kompresa, inadai thina, na ukiitia tapentaini itaganda mabongemabonge. Rangi ya maji inachanganywa na maji. Kosa ninaloliona mara kwa mara ni thina kutiwa kwenye rangi ya mafuta ili ikauke upesi. Inakauka juu, chini bado mbichi, na mara nyingine inanyanyua rangi ya kwanza ikakunjamana. Umelipa kwa afya yako na kazi yenyewe imeharibika.

Thina haina mapishi mamoja. Ni mchanganyiko wa toluini, zailini, asetoni, methanoli na vingine, na kila mtengenezaji ana vipimo vyake. Makopo mawili yenye neno lilelile yanaweza kuwa na vitu tofauti kabisa ndani. Ile inayopimwa kwa chupa za maji ya kunywa ndiyo mbaya kuliko zote, kwa kuwa hujui kilichomo, na mtoto akiiona anaona maji. Msiuze hivyo na msinunue hivyo, hata kwa nusu bei.

Tuichukue toluini peke yake tuone ukubwa wa jambo. Lita moja ikikauka yote inatoa takriban lita 230 za mvuke. Chumba cha mita 3 kwa 3 chenye dari ya mita 2.3, yaani kifremu cha kawaida, kina mita za ujazo kama 20 hivi. Gawanya, utapata asilimia 1.1, na hicho ndicho kiwango ambacho mvuke huanza kuweza kulipuka. Lita moja tu kwenye fremu iliyofungwa! Na kwa kuwa mvuke wa toluini ni mzito mara tatu ya hewa, kule sakafuni kiwango hicho hufikiwa mapema zaidi, miguuni pa fundi na pembeni ya soketi ya umeme.

Hiyo ni hesabu ya moto. Hesabu ya afya ni kali zaidi. Jumuiya ya wataalamu wa afya viwandani ya Marekani, ACGIH, inashauri mtu asivute zaidi ya sehemu 20 za toluini kwa milioni ya hewa, kwa wastani wa saa nane. Sheria ya Marekani yenyewe bado inaruhusu 200, na mimi nashika ile ya 20. Kuupunguza mvuke wa lita ile moja hadi hapo kunahitaji hewa safi ya zaidi ya vyumba 500 vya ukubwa ule. Ndiyo maana kufungua dirisha moja hakutoshi.

Toluini inafanya nini? Kwanza kichwa kinakuwa chepesi, macho yanawasha, mtu anacheka ovyo au anakuwa mkali bila sababu. Ni ulevi, wala si mzaha, na ni huohuo wanaoutafuta watoto wa mitaani wanaonusa gundi. Ukirudiwa kwa miaka, kumbukumbu na umakini hupungua. Inaharibu pia masikio, na inapoungana na kelele za randa na msumeno wa umeme uharibifu huwa mkubwa kuliko kila kimoja kikiwa peke yake. Mafundi wazee wengi husema wamekuwa viziwi kwa sababu ya mashine. Mashine ina mwenzake. Mjamzito asikae karakana inayopuliziwa thina, hata kama kazi yake ni ya daftari tu kule pembeni.

Tapentaini, je? Kwa moto ni afadhali, kwa pua ni afadhali pia kwa sababu inakauka polepole na mvuke wake ni haba. Lakini isichukuliwe kuwa salama. Katika miaka ya 1970 madaktari wa Denmark na majirani zake walianza kuandika kuhusu mafundi rangi waliotumia vimiminika vya namna hii miaka mingi ndani ya nyumba: wasahaulifu, wachovu, wenye hasira za ghafla, walioshindwa kufuata maelekezo marefu. Ugonjwa huo umekuja kujulikana kama ugonjwa wa wapaka rangi, na nchi hizo zikasukuma rangi ya maji ichukue nafasi ya rangi zenye vimiminika hivyo ndani ya majengo. Tapentaini iliyoandikwa kuwa haina harufu imepunguzwa zile sehemu kali, na nashauri uitafute kama bei inakuruhusu, mradi harufu kukosekana isikufanye ufunge mlango.

Kwa wa pwani kuna jambo ambalo nimeona linawashawishi mafundi kuliko maonyo yote ya afya. Wakati wa masika vanishi ya kupuliza hupauka, inaweka ukungu mweupe juu ya mbao. Sababu ni kwamba thina inayoruka upesi huipoza mbao ghafla, na unyevu wa hewa unaganda juu yake kama umande. Wengi huongeza thina zaidi, tena kali zaidi, na tatizo linazidi. Dawa ni kinyume chake: thina inayokauka polepole, iliyotengenezwa kwa kazi hiyo, na koti jembamba. Unatoa mvuke kidogo kwa dakika na meza inabaki na mng'aro wake.

Ukiniuliza nichague kati ya thina na tapentaini, nitakurudisha nyuma hatua moja: chagua rangi. Milango na madirisha ya ndani, vitanda vya watoto, makabati ya jikoni, vyote vinaweza kupakwa rangi au vanishi ya maji. Inachelewa kukauka masika, hilo ni kweli, na mbao huinua vinyweleo baada ya koti la kwanza hivyo inabidi upige msasa tena. Faida ni kwamba familia inaweza kulala nyumba hiyo mapema bila kuumwa kichwa. Vanishi ya thina ibaki kwa kazi ambayo mteja ameidai kwa jina.

Asetoni

Asetoni inaogopwa kwa afya kuliko inavyostahili, na kwa moto inadharauliwa. Mwili wenyewe hutengeneza asetoni kidogo na unajua kuitoa. ACGIH inashauri ukomo wa sehemu 250 kwa milioni, mara 12 na nusu ya ile 20 ya toluini. Lakini inachemka kwa 56°C tu na inaruka kwa kasi kubwa, kwa hiyo beseni la asetoni lililo wazi ni hatari kuliko beseni la thina.

Nafasi yake ni kwenye faiba: boti, matangi, bampa. Brashi yenye resini haitoki kwa tapentaini. Tumia kiasi kinachojaa kikombe, kwenye chombo cha chuma chenye kifuniko, nje penye hewa. Kigumishio cha resini kisikutane kamwe na asetoni, si kwenye chombo, si kwenye tambara, si kwenye ndoo ya taka. Vikiungana vinaweza kutengeneza kitu kinacholipuka kwa kuguswa tu.

Kuhusu dawa za kubandua rangi zenye diklorometani, sina maneno mengi: ziache dukani. Mvuke wake mwilini hugeuka kuwa kaboni monoksidi, hewa ileile ya jiko la mkaa chumbani, na wapo waliofia kwenye mabafu wakibandua rangi. Umoja wa Ulaya ulishaziondoa kwa watumiaji wa kawaida, na Marekani ilizipiga marufuku kwa matumizi ya nyumbani 2019, kisha 2024 ikabana na nyingi za kazini. Kwangu, kwangua. Rangi ya zamani ilowanishwe wakati wa kupiga msasa, kwani inaweza kuwa na risasi.

Barakoa, glavu na hewa

Barakoa ya kitambaa au ile ya hospitali haizuii mvuke hata kidogo. Inazuia matone na vumbi, na ubaya wake ni kwamba inampa mtu moyo wa kukaa ndani muda mrefu. Inayofaa ni ya raba yenye vichujio vya mkaa. Vya Ulaya vina herufi A na mstari wa kahawia, vya Marekani vina rangi nyeusi. Ukianza kusikia harufu ndani ya barakoa, kichujio kimekwisha, na usikitegemee eti mpaka wiki iishe. Kikiachwa mezani wazi usiku kucha kinaendelea kunyonya mvuke, kwa hiyo kifunge ndani ya mfuko usiopitisha hewa.

Glavu nazo si zote sawa. Za nitrili, zile za buluu au kijani, zinafaa kwa tapentaini na mafuta ya taa. Asetoni inazipenya kwa dakika chache, na toluini haikawii nyuma sana. Kwa asetoni tafuta za raba ya butili. Usipozipata, vaa za nitrili kwa michirizi tu, uzitupe zikilowa.

Hewa ipite chini, maana mvuke uko chini: milango miwili inayotazamana inashinda madirisha ya juu. Feni ya kawaida isivute hewa yenye mvuke, kwa sababu mota yake hutoa cheche. Iweke upande wa hewa safi, ikisukuma kuelekea nje. Jiko la chai litolewe, na anayechomelea asubiri. Matambara yaliyolowa yakae kwenye debe la chuma lenye kifuniko. Na kijana anayelala karakanani kulinda mbao apewe mahali pengine pa kulala, si palipo na madumu. Tajiri, hili ni lako. Sheria ya usalama mahali pa kazi ya Tanzania ya 2003 na ile ya Kenya ya 2007 zote zinakuwekea wajibu wa kulinda usalama wa wanaokufanyia kazi.

Moto ukitokea kwenye thina au tapentaini, usimwagie maji. Vimiminika hivi huelea juu ya maji na moto utasafiri navyo. Ufunike kwa kifuniko au mchanga, au tumia mtungi wa kuzimia moto wenye poda. Ukiwa mkubwa kuliko beseni, toka nje na piga simu zimamoto, 114 kwa Tanzania.

Ikimezwa

Kunyonya petroli kwa mpira wa kuhamishia ndiko kunakoleta wengi hospitali, pamoja na watoto waliokunywa mafuta ya taa wakidhani maji. Asitapishwe. Kiasi kidogo kinachoteleza kwenda mapafuni wakati wa kutapika kinaleta nimonia mbaya kuliko kile kilichobaki tumboni. Maziwa yasitumike kama dawa. Hayaondoi sumu hii, na tumbo likijaa kutapika kunakuwa rahisi. Hata yale maziwa wanayonunuliwa mafundi kila jioni ili "yasafishe kifua" ni chakula tu, hayana uwezo juu ya mvuke uliokwisha kuingia kwenye damu. Hela hiyo ingenunua vichujio.

Thina iliyonywewa ni dharura hata kama mtu anaonekana mzima. Methanoli hukaa saa 12 hadi 24 kabla ya kuonyesha ubaya wake, kisha macho yanaanza kuona ukungu mweupe na pumzi inakuwa ya kasi. Ndiyo iliyopofusha na kuua watu kwa makumi nchini Kenya, Mei 2014, ilipotiwa kwenye pombe. Tiba ipo hospitalini na inafanya kazi vizuri ikiwahi, kwa hiyo msingojee dalili. Mpelekeni mara moja, na mchukue kopo lenyewe, ili daktari asome kilichoandikwa na asianze kubahatisha.